Jifunze mvinyo kwa glasi mbili mbili

Usinunue chupa moja. Nunua mbili.

Ukimpa mtu glasi moja ya mvinyo ukamuuliza ni mchachu kiasi gani, atababaika. Mpe glasi mbili, muulize upi umezidi kwa uchachu, na atakujibu kabla hajameza. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Majina ya zabibu, maeneo na miaka ya kihistoria yatakuja, ila yatakuja baada ya ulimi kupata pa kuyaweka. Wengi huanza upande wa pili: wanakariri majina ya Kifaransa, kisha wanashangaa kwamba glasi iliyo mbele yao haiwaambii kitu.

Hatua ya 1: Andaa meza

Unahitaji glasi mbili zinazofanana, zisizo na rangi wala nakshi, pana tumboni na zinazobana kidogo mdomoni. Umbo hilo si la urembo. Ukizungusha mvinyo, tumbo pana huachia harufu, na mdomo uliobana huizuia isitawanyike kabla pua yako haijafika. Weka karatasi nyeupe ya kutandika chini ya glasi, maji ya kunywa, daftari, na chombo cha kutemea.

Usione haya kutema. Wanaoonja mvinyo kwa kazi hutema kutwa nzima, kwa kuwa ukimeza kila funda, kufikia glasi ya tano pua na akili havikuambii ukweli tena. Mimina kidogo, kama mililita 50. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya namna hiyo, kwa hiyo jozi moja ya chupa inawatosha marafiki kadhaa. Siku hiyo usijipake manukato, wala usipige mswaki dakika chache kabla ya kuonja.

Kinachoharibu masomo mengi ni joto la mvinyo wenyewe. Baridi ikizidi, harufu hujifunga na ukakasi hukaza. Joto likizidi, pombe hupanda puani hadi mvinyo mwekundu ukanuka kama spiriti. Mvinyo wa mapovu unafaa ukiwa kati ya nyuzi 6 na 10 za selsiasi, mweupe kati ya 8 na 12, mwekundu kati ya 14 na 18. Ule usemi kwamba mwekundu hunywewa katika "joto la chumba" ulizaliwa kabla nyumba za Ulaya hazijawekewa mitambo ya kupasha joto. Kama chumba chako kina nyuzi 28, chupa ya mwekundu ilaze kwenye friji kwanza hadi ipoe.

Hatua ya 2: Jua vilivyomo vimetoka wapi

Punje moja ya zabibu ina sukari na asidi kwenye maji yake. Rangi, tanini (kemikali inayokausha mdomo) na sehemu kubwa ya harufu viko kwenye ganda. Kokwa na vikonyo vina tanini kali zaidi. Zabibu zikipondwa, chachu hula sukari na kuacha pombe na gesi ya kaboni. Shika hesabu hii, tutaitumia baadaye: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya pombe. Mahali penye joto, zabibu huiva zikiwa na sukari nyingi, hivyo pombe huwa juu. Na kadiri tunda linavyoiva, asidi yake hushuka. Mahali pa baridi ni kinyume chake. Ukiwa na sentensi hizo tatu unaweza kukisia tabia ya mvinyo wa eneo ambalo hujawahi kulisikia, mradi ujue hali yake ya hewa.

Maji ya karibu zabibu zote nyeusi hayana rangi. Mwekundu hupatikana kwa kuacha maganda yachachuke pamoja na maji yake kwa siku nyingi au wiki. Wa waridi kwa saa chache tu. Mweupe kwa kukamua mapema na kuyatenga maganda. Ndiyo sababu Champagne, ambayo mara nyingi huwa nyeupe, ina zabibu tatu kuu na mbili kati yake ni nyeusi: Pinot Noir na Meunier, pamoja na Chardonnay.

Baada ya hapo fundi hufanya maamuzi mawili ambayo utayaonja waziwazi. La kwanza ni kuwaruhusu bakteria wageuze asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, ile laini ya maziwa. Kazi hiyo huacha pia diasetili, kemikali ileile inayoipa siagi harufu yake. La pili ni pipa la mwaloni, ambalo huleta vanila, moshi na viungo, na huingiza hewa kidogokidogo. Tangi la chuma halileti chochote, na wakati mwingine hilo ndilo linalotakiwa.

Mvinyo mtamu una njia zake. Port ya Ureno huongezewa spiriti ya zabibu katikati ya uchachushaji, chachu ikafa kabla ya kumaliza sukari. Sauternes ya Ufaransa na Tokaji ya Hungaria hutegemea ukungu uitwao Botrytis cinerea, ambao hutoboa ganda, maji yakatoka na sukari ikabaki imekolea. Tunda huonekana limeoza kabisa. Mtu wa kwanza kulikamua alikuwa jasiri.

Hatua ya 3: Fundisha mdomo kwa vitu vya jikoni

Kabla ya kufungua chupa yoyote, panga vikombe vinne: maji yenye limau, maji yenye sukari, chai ya rangi iliyokolea sana, na maji matupu ya kusukutulia.

Onja limau. Mate yatachuruzika pembeni na chini ya ulimi. Huo ndio uchachu, na mate ndiyo kipimo chake. Onja chai. Ufizi na ndani ya mashavu vitakauka na kukwaruza kama umetafuna ndizi mbichi; huo ni ukakasi, na ndiyo kazi ya tanini. Wengi huuchanganya na uchungu. Uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso: ule unaonjwa, huu unahisiwa. Na ule mchoro wa vitabuni unaougawa ulimi vipande, utamu nchani na uchungu nyuma, usikusumbue, kwani kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya ladha huonja ladha zote.

Sasa fanya jaribio ambalo naliona ni muhimu kuliko yote. Chukua nusu ya maji ya limau, ongeza sukari hadi yawe matamu ya kunyweka, kisha onja yenye sukari na yasiyo na sukari kwa kupokezana. Utadhani uchachu umepungua. Asidi haijaenda popote; sukari imeifunika tu, na mate bado yanachuruzika vilevile. Asiyejua hili atauita mvinyo wenye asidi kali kuwa "mlaini" kwa sababu tu ni mtamu.

Lipo na la kinyume. Mvinyo unaweza kunukia embe na asali usiwe na sukari hata kidogo. Ukiwa na shaka, bana pua, piga funda. Utamu wa kweli hubaki ulimini pua ikiwa imebanwa. Utamu wa harufu hutoweka.

Yamebaki mawili. Uzito ni ile tofauti ya mdomoni kati ya maji na maziwa. Pombe utaijua kwa joto linaloshuka kooni. Basi: uchachu, utamu, ukakasi, pombe, uzito. Andika maneno hayo matano juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, maana kila glasi utaipa alama ya 1 hadi 5 kwa kila moja.

Hatua ya 4: Onja kwa mpangilio

Anza kwa macho, lakini usikae hapo. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mweupe hukolea rangi kadiri unavyozeeka, mwekundu hupauka na kuelekea rangi ya tofali. Ile michirizi inayotiririka ukutani mwa glasi, inayoitwa machozi, huonyesha zaidi kiasi cha pombe. Haina habari na ubora.

Macho yanaweza kukudanganya kuliko unavyodhani. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, akiwemo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa waueleze. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Watu hupenda kulisimulia jaribio hilo ili kuwacheka waonjaji. Mimi nalichukulia kama maelekezo ya kazi: ukiona rangi, ubongo umeshaanza kukuandikia jibu, kwa hiyo nusa ukiwa umefumba macho.

Nusa kwanza bila kutikisa glasi, kisha zungusha, nusa tena. Pumzi fupi mbili tatu zinatosha, kwani pua huchoka haraka. Usianze kwa kutafuta jina la tunda. Jiulize kwanza: ni safi au kuna uvundo? Halafu, ni tunda au si tunda? Kama ni tunda, ni la jamii ya limau, la jamii ya tufaha na pea, la nchi za joto kama nanasi, jekundu au jeusi? Bichi, lililoiva, au limekaushwa? Kwenda kutoka kubwa kuelekea dogo ndiko kulikomwongoza Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipotengeneza gurudumu la harufu za mvinyo miaka ya 1980: katikati kuna makundi mapana, na kila unavyoelekea ukingoni unakuta harufu mahususi zaidi.

Harufu hizi si ushairi. Ile ya pilipili hoho katika Cabernet Sauvignon na Sauvignon Blanc hutokana na kemikali za kundi la pirazini, ambazo kwenye hoho yenyewe zimo. Pilipili manga ya Syrah hutoka kwa rotundoni, iliyotambuliwa kwenye zabibu hizo na watafiti wa Australia mwaka 2008, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye pilipili manga. Katika vipimo vyao, takriban mtu mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa kabisa. Kwa hiyo mwenzako akisema haoni pilipili yoyote, huenda wote wawili mnasema kweli.

Sasa mdomoni. Piga funda la wastani, lizungushe hadi liguse ufizi, vuta hewa kidogo kupitia midomo (sauti yake haipendezi, zoea), kisha tema. Toa alama zako tano. Halafu nyamaza uhesabu sekunde: ladha ilidumu ngapi kabla ya kufifia? Mvinyo wa kawaida hupotea baada ya sekunde chache. Mzuri unaweza kukaa 10, 15 au zaidi. Kati ya dalili zote za ubora, hii ndiyo ninayoiamini, maana ni vigumu kuighushi kwa pipa au kwa sukari.

Andika harufu moja tu kwa kila glasi mwanzoni. Moja uliyoinusa kweli ina faida kuliko saba ulizosoma mgongoni mwa chupa. Mimi mwenyewe niliwahi kusifu harufu ya pipa katika mvinyo ambao, kama nilivyokuja kuambiwa, ulikaa maisha yake yote kwenye tangi la chuma.

Hatua ya 5: Jozi za kuonja

Hapa ndipo utakaa miezi. Kila jozi ina swali moja, na ukishalijibu kwa mdomo wako unaweza kwenda kwenye inayofuata.

Jozi ya kwanza: Sauvignon Blanc na Chardonnay iliyokaa kwenye pipa. Chukua Sauvignon Blanc ya Marlborough, Nyuzilandi, eneo ambalo mizabibu ya kibiashara ilianza kupandwa 1973 tu na sasa linajulikana dunia nzima kwa zabibu hii. Itakurukia puani: majani mabichi, pasheni, hoho. Uchachu wake ni mkali, uzito mdogo. Chardonnay ya pipa itakujia taratibu ikiwa na siagi, vanila na uzito wa maziwa. Chardonnay yenyewe ni zabibu isiyo na kelele. Mengi unayoyanusa hapo ni kazi ya fundi.

Ili uamini hilo, jozi ya pili iwe Chardonnay mbili: ile ya pipa kutoka mahali pa joto, mathalani California, na Chablis, kaskazini mwa Burgundy huko Ufaransa. Chablis hukua kwenye baridi, juu ya udongo wa chokaa wenye visukuku vya chaza wadogo, na sehemu kubwa yake haiguswi na pipa jipya. Limau, tufaha bichi, kitu kama jiwe lililolowa. Ni zabibu moja. Kama ungeambiwa ni ndugu ungekataa.

Jozi ya tatu: Pinot Noir na Cabernet Sauvignon. Pinot ina ganda jembamba, Cabernet ina punje ndogo yenye ganda nene na kokwa kubwa. Kutokana na hayo peke yake unaweza kutabiri upi utakaokuwa mwepesi wa rangi na upi utakaokukausha ufizi. Onja uone kama umetabiri sawa. Kisha nusa Cabernet tena kwa makini ukitafuta hoho uliyoikuta kwenye Sauvignon Blanc. Haikufika hapo kwa bahati: mwaka 1997 wanasayansi wa Davis walitangaza, kwa vipimo vya DNA, kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Zabibu nyeusi maarufu kuliko zote ina mzazi mweupe.

Tukiwa hapo kwenye nasaba: Chile iliuza kwa miaka mingi "Merlot" yenye harufu ya hoho na iliyochelewa kuiva, hadi mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitazama mizabibu yenyewe na kusema hii si Merlot, ni Carmenère, zabibu ya Bordeaux iliyodhaniwa kuwa karibu imetoweka. Pinotage ya Afrika Kusini nayo ina cheti cha kuzaliwa: mwanasayansi Abraham Perold aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Onja Pinotage kando ya Pinot Noir utafute kufanana. Mimi sijakuona sana.

Jozi ya nne: Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, na Shiraz ya Barossa, Australia. Ni zabibu moja yenye majina mawili. Ya Rhône huleta pilipili manga, nyama, tunda lisiloiva kupita kiasi. Ya Barossa huleta tunda jeusi lililopikwa kuwa jamu, chokoleti, na joto la pombe kooni. Rudi kwenye sentensi tatu za hatua ya 2.

Jozi ya tano: Riesling mbili za Mosel, Ujerumani, moja ikiwa imeandikwa "trocken", yaani kavu, isiyo na utamu, na nyingine Kabinett (daraja la mvinyo mwepesi) ya kawaida yenye utamu. Hili ni jaribio la limau na sukari ndani ya chupa. Tazama kiasi cha pombe kwenye lebo kabla ya kuonja. Ukiona asilimia 8 au 9, tumia ile hesabu ya gramu 17: sukari ambayo haikugeuka pombe imebaki humo.

Ya sita ni mtego. Tafuta Barolo, inayotokana na zabibu ya Nebbiolo huko Piemonte, Italia, iweke kando ya mwekundu wowote wenye rangi nzito kama Malbec ya Mendoza, Argentina. Kwa macho utasema Barolo ndiyo nyepesi. Subiri ikaushe mashavu yako.



Hatua ya 6: Soma lebo

Ulaya, hasa Ufaransa na Italia, lebo mara nyingi hutaja mahali na kukuachia wewe ujue zabibu. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Beaujolais nyekundu ni Gamay. Chianti hutawaliwa na Sangiovese, Rioja nyekundu na Tempranillo. Amerika, Australia na Afrika Kusini kwa kawaida hutaja zabibu wazi. Wafaransa hawafanyi hivyo kwa maringo peke yake: kwa mfumo wao wa majina yaliyodhibitiwa, uliowekwa kisheria mwaka 1935, jina la mahali hubeba ndani yake orodha ya zabibu zinazoruhusiwa, mavuno ya juu kabisa kwa hekta na masharti mengine. Na hawakuwa wa kwanza. Bonde la Douro lililoko Ureno lilichorewa mipaka rasmi mwaka 1756, chini ya waziri Marquês de Pombal.

Maneno mengine yana sheria nyuma yake mahali fulani na hayana kitu mahali pengine. Katika Rioja, "Reserva" nyekundu maana yake imekaa angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, mmoja wapo ukiwa ndani ya pipa. Marekani, neno "Reserve" halina tafsiri katika sheria ya shirikisho. Mzalishaji akilipenda huliandika.

Vipi kuhusu majina makubwa? Orodha ya Bordeaux ya 1855, iliyogawa mashamba ya Médoc katika madaraja matano na kuongeza Haut-Brion ya Graves, ilitungwa na madalali kwa ajili ya maonyesho ya Paris, nao walifuata bei ambazo mvinyo huo ulikuwa ukiuzwa. Tangu wakati huo badiliko kubwa limekuwa moja: Château Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Mashamba mengine yaliuzwa, yakapanuka, yakashuka, yakafufuka, na daraja likabaki palepale. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo waliolitia na wapo wasiolitia, na lebo haikwambii nani ni nani.

Hatua ya 7: Weka historia mahali pake

Usijaribu kuikariri yote. Ipachike kwenye vitu ulivyokwisha kuonja.

Mabaki ya kemia ya mvinyo ya zamani kuliko yote yanayojulikana kutoka kwa zabibu za Ulaya na Asia yalipatikana kwenye vyungu nchini Georgia, kusini mwa Caucasus, vya karibu miaka 6000 kabla ya Kristo. Huko bado huchachusha zabibu ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, iitwayo qvevri. UNESCO iliiingiza njia hiyo katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Wakitumia zabibu nyeupe pamoja na maganda yake, hupata mvinyo wa rangi ya kaharabu wenye ukakasi. Uonje kando ya mweupe wa kawaida, na somo la maganda litakuwa limekamilika.

Lebo nazo si jambo jipya. Mitungi iliyozikwa na Tutankhamun, farao wa Misri wa karne ya 14 kabla ya Kristo, imeandikwa mwaka wa mavuno, shamba na jina la fundi mkuu. Chupa nyingi za leo zinasema pungufu ya hapo. Karne nyingi baadaye watawa wa Cistercian walilima Burgundy kipande kwa kipande, wakajenga ukuta kuzunguka shamba la Clos de Vougeot ambao bado umesimama; wazo la kwamba shamba hili na jirani yake hayazai mvinyo mmoja lilikomaa mikononi mwao.

Kama utakumbuka tukio moja tu, liwe hili. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake waling'oa mizabibu na kukuta mizizi imejaa wadudu wadogo wa manjano, phylloxera, waliotoka Amerika Kaskazini. Mdudu huyo aliteketeza mashamba ya karibu Ulaya nzima. Dawa ikapatikana alikotoka: mizabibu ya Amerika ilikuwa imezoeana naye, kwa hiyo wakulima wakapandikiza vikonyo vya Ulaya juu ya mizizi ya Kimarekani. Mpaka leo sehemu kubwa ya mvinyo duniani hutoka kwenye mimea ya namna hiyo, kichwa cha huku na miguu ya kule. Chile na jimbo la South Australia hawakufikiwa na mdudu huyo, ndiyo maana ile Shiraz ya Barossa uliyoonja huenda ilitoka kwenye mzabibu mkongwe uliosimama kwa mizizi yake mwenyewe.

Na tarehe 24 Mei 1976, huko Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika waamuzi Wafaransa kuonja mvinyo wa nchi yao na wa California lebo zikiwa zimefichwa. Chardonnay ya Chateau Montelena ya 1973 iliongoza kwa weupe, Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars ya 1973 kwa wekundu, mbele ya Mouton na Haut-Brion za 1970.

Hatua ya 8: Tambua chupa mbovu

Ikinuka boksi lililolowa au ghala lenye ukungu, na tunda limezimika, kizibo kimechafuliwa na kemikali iitwayo TCA, ambayo pua huikamata hata ikiwa nanogramu chache kwa lita. Haina tiba, irudishe. Ikinuka siki, bakteria wameshaifikia. Mweupe mchanga wenye rangi ya kahawia na harufu ya tufaha lililochubuliwa umeingiwa na hewa. Harufu ya kiberiti mara nyingi hupotea ukizungusha glasi kwa dakika chache. Chembe kama za sukari chini ya chupa au kwenye kizibo ni fuwele za chumvi ya asidi ya tartari, asidi ya zabibu yenyewe. Hazina madhara, wala mashapo ya mwekundu wa zamani hayana, yaache yatulie umimine polepole.

Chupa iliyofunguliwa, hata ya mwekundu, izibe uiweke kwenye friji. Siku tatu hivi. Isiyofunguliwa ilaze gizani, mbali na jiko, mahali ambapo joto halipandi na kushuka.

Hatua ya 9: Jipime

Tafuta mtu akusaidie. Amimine glasi tatu wewe ukiwa nje ya chumba: mbili za mvinyo mmoja, ya tatu ya mwenzake kutoka jozi uliyokwisha kuonja. Kazi yako ni kusema ipi iko peke yake, ukiwa umefumba macho. Anza na jozi ya kwanza, ambayo hutakosa, usogee kuelekea zile zinazokaribiana, kama Pinot Noir mbili za vijiji jirani vya Burgundy. Kwa kubahatisha utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakukuambii chochote. Ukipatia mara tatu mfululizo, nafasi ya kuwa ni bahati ni 1 kati ya 27. Ukikosa, usiulize kwanza jibu. Onja tena zote tatu kwa yale maneno matano ya ukurasa wa kwanza, andika alama, halafu ndipo ageuze chupa.